Mama Eksirei Anajibu: "Wewe Mwenyewe Umewahi Kubanwa?"

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari michache eksirei ya matiti ya kutafutia saratani, ile inayoitwa mamogramu, na tangu hapo barua hazijakoma. Nimechagua saba. Kwa wasionifahamu: nimestaafu baada ya miaka 31 katika vyumba vya eksirei, 12 ya mwisho nikiwa kwenye mashine ya matiti. Mimi si daktari, ni mpiga picha. Anayesoma picha na kuandika ripoti ni daktari wa mionzi. Lakini mpiga picha ndiye anayebaki chumbani na mama aliyevua blauzi, na ndiye anayeulizwa yale ambayo daktari haulizwi.

Shikamoo Mama Eksirei. Nina miaka 44, sina uvimbe wala maumivu. Shoga yangu alipimwa Dar es Salaam, akarudi anasema ni kama kubanwa titi na mlango wa friji. Aliyebuni mashine hiyo bila shaka ni mwanamume. Je, ni lazima kubanwa? Na wewe mwenyewe umewahi kubanwa, au unatutuma tu sisi? — Mama Wanne, Muheza

Marahaba, Mama Wanne. Hilo swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niichague barua hii, basi naanza nalo ingawa linaniaibisha.

Kwa miaka mingi sikuwahi. Niliwapiga picha wenzangu asubuhi hadi jioni, na mimi nikatimiza 50, nikatimiza 51, kila mara nina sababu. Leo foleni ndefu, kesho mashine inamsubiri fundi. Nilikuwa na miaka 52 siku fundi alipomaliza kazi yake mapema. Tukaijaribu mashine kwa kile kipande cha plastiki cha kupimia ubora wa picha, ikawa sawa. Msaidizi wangu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akafunga mlango akasema, "Mama, leo huna foleni. Vua blauzi."

Nikavua. Picha ya kwanza ikatokea kwenye kioo, na mimi badala ya kutulia kama mgonjwa nikaenda kuchungulia. Upande wa kwapa kulikuwa na vidoti vyeupe, vidogo mithili ya chumvi iliyomwagika mezani. Sasa mjue kwamba vidoti vya chokaa vilivyojikusanya mahali pamoja ni kitu tunachofundishwa kukitafuta kuliko vingi, kwa sababu wakati mwingine ndiyo dalili pekee ya saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoka, haishikiki kwa kidole. Magoti yalilegea. Nilianza kupiga hesabu ya ada ya mwanangu wa mwisho, nani ataimalizia. Binti akanitazama, akasogea, akanusa. "Mama, umepaka poda?"

Nilikuwa nimepaka. Mimi niliyewaambia wanawake kila siku ya kazi: siku ya kipimo oga vizuri, lakini usipake poda, wala losheni, wala dawa ya kwapa, maana chembe za talki na za alumini huonekana kwenye picha kama chokaa. Nikajifuta kwa kitambaa cha maji, tukarudia, vidoti vikatoweka. Binti yule hakumwambia mtu. Nimewaambia nyinyi.

Kuhusu maumivu sitakudanganya. Kunauma, na wengine kunawauma zaidi. Mimi niliona ni kama mtu anayekukanda akasahau nguvu zake. Lakini ni sekunde chache kwa kila picha, na picha za kawaida ni nne: mbili kila titi, moja kutoka juu na moja kwa mshazari ili kwapa nalo lionekane. Nguvu ya mota ina kikomo, takriban uzito wa kilo 20, na mara nyingi hatufiki huko. Picha ikishapigwa, mashine nyingi za sasa hujiachia zenyewe.

Kwa nini ubanwe? Chukua kitenge ulichokikunja mara nane, utafute tundu moja la sindano ndani yake. Hulioni. Kikunjue ukitandaze, linaonekana. Titi ni hivyohivyo: nyama zake zimelaliana, na uvimbe wa ukubwa wa punje ya dengu unaweza kujificha nyuma ya nyama nzima. Likitandazwa, mionzi inayohitajika kupenya ni michache zaidi, na halitikisiki, kwa hiyo picha haina ukungu. Anayeomba tumbane kidogo tu, tukamhurumia, ndiye tunayemwita kesho kurudia. Afadhali uniambie "subiri kwanza", uvute pumzi, tuendelee.

Na umepatia kuhusu mbunifu. Mjerumani Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa Berlin, mwaka 1913 alichapisha kazi yake ya kupiga eksirei matiti kama 3,000 yaliyokwisha kukatwa, na ndiye aliyeona vile vidoti. Matiti yaliyokatwa hayalalamiki. Aliyeonyesha umuhimu wa kuyabana yangali mwilini ni Raúl Leborgne wa Uruguay, mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanaume wote wawili, naam.

Kama bado unapata siku zako, panga kipimo ndani ya wiki moja baada ya kumaliza. Wiki ya kabla matiti yamejaa na yanauma hata kwa kanga. Vaa sketi na blauzi, si gauni, usije ukabaki umevuliwa zima. Na uliza unapoweka miadi kama mpiga picha ni mwanamke. Ukitaka, nenda na dada yako. Hakuna mtu mwenye adabu atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo.

Umri? Hapa nchi hazikubaliani. Uingereza huwaita kwa barua wanawake wa miaka 50 hadi 71, kila miaka mitatu. Marekani, jopo lao la wataalamu mwaka 2024 lilisema kuanzia 40 hadi 74, kila miaka miwili. Kwetu hakuna utaratibu wa kuwaita wanawake wote, na mashine ziko kwenye hospitali kubwa. Sababu ya kutokubaliana ni hesabu ya faida na usumbufu. Kadiri ulivyo kijana, ndivyo saratani ilivyo adimu na titi linavyokuwa gumu kusomeka, hivyo wengi zaidi wataitwa warudi na kukosa usingizi bila ugonjwa. Na wengine watagunduliwa saratani ya polepole ambayo isingewadhuru maisha yao yote, watibiwe hata hivyo. Hilo nalo lipo, wahamasishaji wetu wa Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, hawalisemi. Kwa miaka yako 44 bila dalili, ungekuwa mdogo wangu, ningekuuliza kwanza: mama yako, dada au shangazi aliwahi kuugua, hasa kabla ya miaka 50? Kama yupo, usingoje, muone daktari mkapange. Kama hayupo, mhudumu aliyefunzwa akupapase matiti kila mwaka, na ukiwa na nafasi na nauli, piga picha. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Mama, nina miaka 29, namnyonyesha mtoto wa miezi saba. Nimeona kijibonge titi la kushoto, hakiumi. Nilikwenda kwenye kambi ya upimaji, wakaniambia mashine ya matiti si ya umri wangu. Nimerudi nyumbani. Je, ningoje nifike 40? — Mnyonyeshaji, Kahama

Usingoje hata mwezi, mwanangu. Aliyekujibu alisema kweli nusu, na nusu iliyobaki akaimeza. Mashine ile kweli si ya kuanza nayo kwa umri wako. Kwenye picha ya eksirei mafuta hutoka meusi na nyama ya tezi, ile inayotengeneza maziwa, hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Titi la msichana limejaa tezi, la anayenyonyesha ndiyo usiseme. Ni kutafuta mbuzi mweupe ndani ya ukungu. Kinachokufaa ni ultrasaundi, kile kipimo ulichopimwa ukiwa na mimba. Hakina mionzi, kipo hospitali nyingi za wilaya, na kinatofautisha mfuko wa maji au maziwa na kitu kigumu.

Pengine ni mrija ulioziba, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Lakini kijibonge kisichoondoka baada ya kunyonyesha ni cha kupimwa, bila kujali umri. Kambi za uchunguzi ni za wasio na dalili. Wewe una dalili, njia yako ni zahanati na barua ya rufaa. Waambie hivi: "Nina uvimbe, nataka ultrasaundi." Na mtoto aendelee kunyonya.

Nimetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba mamogramu inaleta saratani ya tezi ya shingo, na kwamba tudai kinga ya madini ya risasi shingoni. Ni kweli? — Msambazaji, Arusha

Ujumbe huo una miaka mingi, umezunguka dunia kabla haujafika Arusha. Mionzi inayofika shingoni ni kidogo mno, na kile kikola cha risasi huweza kuingia ndani ya picha kikaficha sehemu, tukalazimika kurudia, yaani mionzi mara mbili. Picha zote nne kwa pamoja ni takriban millisieverti 0.4, hicho ndicho kizio cha kupimia mionzi mwilini. Ardhi, hewa na anga zinatupa kwa wastani 2.4 kila mwaka bila kutuomba ruhusa. Kipimo kimoja, kwa hiyo, ni kama miezi miwili ya kuishi tu. Ukiwa na mimba au unadhani unayo, tuambie kabla hujavua.

Shikamoo. Ripoti yangu imeandikwa BI-RADS 0. Daktari aliyenituma yuko likizo. Jirani yangu ni mwalimu, akasema sifuri ni matokeo mabaya kuliko yote. Sijala tangu juzi. — Sifuri, Morogoro

Marahaba, na ule kwanza.

Mwalimu amesoma kama anavyosoma karatasi ya mtihani. BI-RADS ni orodha ya namba ambazo daktari wa mionzi hutumia kutoa jibu la picha za matiti, na hapa sifuri maana yake ni "bado sijaweza kutoa jibu". Daktari wa mionzi ameona kitu kisichoeleweka, au nyama zimelaliana, au hana picha zako za zamani za kulinganisha. Anataka picha nyingine ya sehemu moja, au ultrasaundi. Uingereza, katika kila wanawake 100 wanaopimwa, kama 4 huitwa warudi, na kati ya hao 4 ni mmoja tu anayekutwa na saratani. Hebu jiweke kwenye watu wanne uone.

Namba zenyewe ni hivi, na naziandika kwa sababu nimechoka kuona wanawake wakizibeba kwenye bahasha kama hukumu. Moja ni safi. Mbili ni safi pia, kuna kitu lakini kinajulikana hakina madhara. Tatu ni karibu hakika hakina madhara, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, ila urudi baada ya miezi sita. Na miezi sita ni sita, usiigeuze miaka miwili kwa kuwa hujaumwa. Nne ni ya kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya titi, kwa sindano kikapimwe, na ndiyo namba inayowachanganya watu zaidi kwa sababu ni pana mno. Ndani yake wamo wenye uwezekano wa asilimia 2 na wenye asilimia 90. Mwenye nne aulize, "Nne ipi, a, b au c?" Tano ni asilimia 95 kwenda juu. Sita huandikwa kwa mtu ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa.

Usimngoje daktari aliye likizo. Rudi ulikopigwa picha, mwambie wa mapokezi, "Nimepewa sifuri, nipangieni picha za nyongeza." Hilo ni jambo la kila siku kwao.

Mama, dada yangu ana miaka 48. Ana uvimbe titi la kulia, amepigwa mamogramu, ripoti ikasema hakuna tatizo. Ni miezi minne sasa, uvimbe upo palepale na ngozi ya juu yake imeanza kuvutika ndani kama kishimo. Daktari mwingine anataka kuchukua kinyama. Mama yetu mzazi amekataa, anasema sindano huamsha ugonjwa, shangazi yetu alichomwa hivyohivyo akafa. Tumuamini nani? — Kaka Mtu, Kilwa

Barua hii niliisoma mara tatu. Kaka, dada yako achukuliwe kinyama, wiki hii kama inawezekana.

Picha safi haifuti uvimbe unaoshikika. Mamogramu hukosa takriban saratani moja katika kila nane, na hukosa zaidi kwenye matiti yenye tezi nyingi, kwa sababu ile ile niliyomwambia Mnyonyeshaji. Na kuna jambo la chumbani ambalo watu hawalijui. Mwanamke akiniambia "kuna kitu hapa", nambandikia juu ya ngozi kigololi kidogo cha chuma, ili daktari anayesoma picha ajue mahali pa kukazia macho, kisha mama yule aende moja kwa moja ultrasaundi. Asiponiambia, nampiga picha nne za kawaida na anahesabiwa kuwa mzima aliyekuja kujichunguza. Niliwahi kuwapata wanawake waliokaa kimya makusudi. Mmoja aliniambia baadaye, "Nilitaka kuona kama mashine itakiona yenyewe." Alikuwa anaijaribu mashine kama mtu anavyomjaribu mganga! Muulize dada yako kama alisema. Hata kama alisema, ngozi inayovutika ni dalili inayotosha peke yake.

Sasa mama. Usimwambie kwamba ana ushamba, maana ameona kwa macho yake. Shangazi alichomwa sindano, shangazi akafa. Hayo yote mawili ni kweli. Muulize kwa upole: shangazi alikaa na uvimbe muda gani kabla ya sindano? Nimewasikia wengi wakisimulia habari hii, na nikiuliza hivyo jibu huwa mwaka, miaka miwili, titi limeshavimba au limepasuka. Wanawake wetu wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika katika hatua ya tatu au ya nne. Sindano inakuja mwisho, kifo kinakuja baada ya sindano, na lawama inabaki kwa sindano. Ile miaka miwili ya nyuma hakuna aliyeiona ikipita.

Kuchukua kinyama si upasuaji mkubwa. Dada yako atalala chali, atachomwa ganzi, daktari ataongoza sindano akitazama kwenye ultrasaundi, atasikia mlio kama wa stepla, mara tatu, nne, tano. Atabandikwa plasta arudi nyumbani siku hiyohiyo. Vinyama vinakwenda maabara ya patholojia, na huko ndiko jibu la kweli linakotoka. Mimi na picha zangu tunashuku tu. Kabla hamjaondoka ulizeni majibu yatatoka lini na mtayachukua kwa nani. Nimeona bahasha zikikaa kwenye droo ya hospitali wiki saba kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atapiga simu. Wewe kaka ndiye mpiga simu.

Na mama aje naye. Akae nje ya mlango, aone binti yake akiingia na kutoka kwa miguu yake.

Mimi ni mwanamume, miaka 57, fundi seremala. Nyuma ya chuchu kuna kigumu. Naona haya kuuliza. — Fundi, Tabora

Umeshauliza, Fundi, haya imekwisha. Wanaume nao hupata saratani ya titi, karibu mmoja katika kila wagonjwa 100. Mara nyingi kigumu cha namna hiyo ni titi kuvimba kwa sababu ya homoni au dawa fulani, kwa hiyo mpelekee daktari orodha ya dawa unazotumia. Nimewapiga wanaume kwenye mashine ile. Inawezekana kabisa, titi dogo tunalishika hivyohivyo. Tatizo lao ni benchi la kusubiri, lililojaa kina mama. Omba upangiwe saa ya mwisho.

Shikamoo Mama Eksirei. Nina picha zangu za matiti za miaka mitatu tofauti, zile za filamu nyeusi, zimekaa chini ya godoro. Wajukuu waliichukua moja kutazamia jua lilipopatwa mwaka 2016. Nizitupe? Sasa naambiwa picha ziko kwenye CD. — Bibi Godoro, Mbarali

Marahaba, dada yangu, na usizitupe! Na wajukuu wasirudie tena, filamu ya eksirei haizuii mionzi ya jua inayounguza jicho. Najua mwaka ule pale kwenu watu walijaa kutoka kila kona kulitazama jua limebaki pete, na filamu za hospitali zilitembea mikononi kama karanga.

Picha ya zamani ndiyo inayomwezesha daktari kusema, "Hiki kilikuwepo miaka sita iliyopita na hakijakua." Bila hiyo, kitu kilekile kinaweza kukupatia sifuri, ukakosa usingizi kama mwenzako wa Morogoro. Zifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, zipange kwa miaka, uziweke kwenye bahasha kubwa wima nyuma ya kabati. Chini ya godoro zinakunjika na joto linazigandisha pamoja. Siku ya kipimo nenda nazo zote, hata ile iliyotazamia jua, kama haijakwaruzwa. Na CD iandike jina lako na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, kabla wajukuu hawajadhani ni ya muziki.